Kila Shauri Lina Mlango Wake na Muda Wake: Tuzifahamu Mahakama za Madai Jijini Dar es Salaam



Katika ofisi za parokia zetu jijini Dar es Salaam, waamini hawafiki kwa ajili ya nia za Misa na vyeti vya ubatizo peke yake. Wapo wanaofika wakiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mna hati ya wito kutoka mahakamani, barua ya kutakiwa kuhama nyumba, au muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho mjane mwenyewe hakuitwa. Karibu wote huuliza swali moja: “Padre, niende wapi?”

Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Katika mashauri ya madai, mtu mwenye haki ya wazi kabisa anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mbili tu: amebisha mlango usiokuwa wake, au amebisha mlango wake wakati muda umekwisha kupita. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuwaeleze waamini, kwa ufupi na kwa lugha ya kawaida, namna mfumo wa mahakama za madai unavyofanya kazi katika jiji hili ambalo, kwa sensa ya mwaka 2022, lina watu zaidi ya milioni 5.3. Maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili. Yanakusudia kumsaidia mwamini aufikie mlango sahihi akiwa bado na muda.

Je, Mkristo anaruhusiwa kwenda mahakamani?

Wapo waamini wanaodhani kwamba kufungua shauri ni kuvunja upendo wa kidugu. Wanakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyowakemea Wakorintho kwa kushtakiana (1Kor 6), na jinsi Bwana wetu alivyotuagiza kupatana na mshtaki wetu tungali njiani (Mt 5:25). Maneno hayo ni ya kweli na yanatufunga. Lakini Paulo yuleyule, alipoonewa, alikata rufani kwa Kaisari (Mdo 25). Na Bwana yuleyule alitupatia mfano wa mjane aliyemwendea kadhi mara kwa mara mpaka akapata haki yake (Lk 18:1-8).

Mafundisho haya mawili hayapingani. Paulo anakemea uroho, kiburi na kisasi vinavyojivika vazi la sheria. Hamkatazi mnyonge kutafuta ulinzi. Tunapaswa kwanza kutafuta upatanisho kwa moyo wote. Upatanisho ukishindikana, au ukigeuzwa kuwa njia ya kumnyamazisha mdhaifu, kwenda mahakamani ni kutafuta haki kwa amani badala ya kwa panga, kwa matusi au kwa uchawi. Katiba ya nchi yetu nayo inaelekea huko huko: Ibara ya 107A inazitaka mahakama kutenda haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi, kukuza usuluhishi baina ya wanaohusika, na kutofungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Madai si jinai

Hatua ya kwanza ni kutofautisha jinai na madai. Katika jinai, Jamhuri inamshtaki mtu kwa kosa kama wizi au shambulio, na mwisho wake waweza kuwa kifungo au faini. Katika madai, mtu anamdai mwenzake haki yake: deni, fidia, nyumba, kiwanja, matunzo ya watoto au sehemu ya mirathi. Anayedai huitwa mdai, na anayedaiwa huitwa mdaiwa.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Kwanza, Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni. Mtu aliyekopa akashindwa kulipa hawi mhalifu kwa sababu hiyo tu, na anayemkimbilia askari ili amtishe mdeni wake amekwisha kupotea njia. Pili, kipimo cha ushahidi ni tofauti. Katika jinai kosa huthibitishwa pasipo kuacha shaka yenye mashiko. Katika madai, mahakama hupima pande mbili kama katika mizani na kuuliza ni upande upi ambao maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ndiyo maana karatasi ndogo ya makubaliano, risiti, ujumbe wa simu au shahidi aliyekuwepo huweza kuamua shauri zima.

Ngazi za mahakama

Mahakama zetu zimepangwa kama ngazi, na sheria inataka shauri lianzie katika ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka ya kulisikiliza.

Ngazi ya chini ni Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu zaidi na mwananchi. Lugha yake ni Kiswahili na taratibu zake ni nyepesi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, inaweza kusikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hii. Marekebisho ya mwaka 2021 yamewaruhusu pale tu hakimu anayeiendesha anapokuwa hakimu mkazi. Mwamini asiye na wakili asiogope, kwa kuwa mahakama hii iliwekwa kwa ajili ya mtu anayejisemea mwenyewe.

Juu yake ipo Mahakama ya Wilaya. Jiji letu lina wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Sambamba nayo ipo Mahakama ya Hakimu Mkazi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kisutu kwa sababu ya kesi za jinai zinazotangazwa katika vyombo vya habari, ingawa nayo husikiliza mashauri ya madai. Ngazi hii ina mamlaka ya madai ya fedha au mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 200, isipokuwa kwa mashauri ya kibiashara, ambayo yamewekewa kiwango cha chini zaidi. Mahakama ya Wilaya hupokea pia rufani zinazotoka Mahakama ya Mwanzo.

Kisha ipo Mahakama Kuu, inayoongozwa na majaji. Ndani yake vimo vitengo maalumu, vikiwemo cha Ardhi, cha Kazi, na cha Biashara kilichoanzishwa mwaka 1999. Kileleni ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo shauri halianzi upya, wala mashahidi hawaitwi tena. Majaji, kwa kawaida watatu, huchunguza kama waliotangulia walitenda sawasawa.

Pembeni mwa ngazi hii kuna milango mingine. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi haanzii mahakamani. Huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye anatakiwa kupeleka lalamiko lake ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Anayetaka kuishtaki Serikali, ikiwemo halmashauri, hutakiwa kwanza kutoa taarifa ya siku 90, na shauri lake hufunguliwa Mahakama Kuu.

Mlango wa ardhi

Mashauri ya ardhi na nyumba yana njia yake, nayo ndiyo inayowapoteza wengi. Mgogoro wa mpaka baina ya majirani wa Goba au Chanika haupelekwi Mahakama ya Mwanzo. Mahali pa kuanzia ni Baraza la Kata. Zamani baraza hili liliweza kutoa hukumu katika migogoro midogo, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu. Lina wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake.

Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa cheti kinachoeleza hivyo, na mlalamikaji huenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, anaweza kwenda huko hata bila cheti. Baraza la Wilaya linaweza kusikiliza madai ya kurejeshewa ardhi au nyumba ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 300. Ikizidi hapo, shauri huanzia Mahakama Kuu. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya hukata rufani Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Ndugu zetu wapangaji nao wakumbuke jambo hili. Mwenye nyumba anayeng'oa milango au kutupa vyombo nje kwa mkono wake mwenyewe hawezi kujitetea kwa kusema kwamba nyumba ni yake. Kumwondoa mtu katika makazi yake kuna utaratibu wa kisheria, na mpangaji anayeonewa anaweza kuomba amri ya zuio la muda wakati shauri lake linasubiri kusikilizwa.

Mlango wa mirathi: hapa mjane hupoteza au huokoa nyumba

Tukae kidogo katika jambo hili, maana ndilo linaloleta machozi mengi katika jumuiya zetu.

Tuseme mwamini mmoja wa Mbagala amefariki dunia bila kuacha wosia. Ameacha mke waliyefunga naye ndoa kanisani, watoto wanne, nyumba moja na akiba benki. Baada ya arobaini, kaka wa marehemu anaitisha kikao cha ukoo, anateuliwa yeye kuwa msimamizi, na anakwenda na muhtasari wa kikao Mahakama ya Mwanzo. Wengi huona hilo kuwa jambo la kawaida. Lakini ndani yake limefichika swali linalobeba kila kitu: mirathi ya marehemu huyu itagawanywa kwa sheria ipi?

Kwa Tanzania Bara, sheria zinazotumika katika mirathi ni zaidi ya moja. Ipo sheria ya Kiislamu kwa Waislamu. Zipo sheria za mila, ambazo kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba ziliandikwa katika tamko la mwaka 1963. Na ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, ambayo hutumika kwa wengine, wakiwemo Wakristo ambao maisha yao hayakuongozwa na mila. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Ikiwa sheria inayotumika ni ile ya mwaka 1865, mlango ni Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali.

Sasa tuangalie tofauti yake. Kwa sheria za mila za mwaka 1963, mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa za ukoo wake. Anategemea kutunzwa na watoto wake. Kwa sheria ya mwaka 1865, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja ya mirathi, na watoto hugawana theluthi mbili, wa kike sawa na wa kiume. Kwa hiyo kuchagua mlango si suala la umbali wa mahakama au wepesi wa ada. Kwa mjane huyu, mlango mmoja unamwachia fungu lake na mwingine unamwachia huruma ya watu.

Mahakama huamuaje? Huangalia namna marehemu alivyoishi: imani yake, ndoa yake, malezi ya watoto wake, na kama alionyesha kwa maneno au matendo kwamba alitaka mambo yake yafuate mila. Ubatizo peke yake hautoshi kumaliza ubishi. Lakini cheti cha ndoa ya kanisani, ushiriki wake katika jumuiya ndogo ndogo na ushuhuda wa waliomfahamu ni ushahidi wenye uzito. Mjane ana haki ya kufika mahakamani, kuweka pingamizi dhidi ya msimamizi aliyependekezwa, na kueleza kwamba marehemu hakuishi kimila. Si mara moja mirathi ya Mkristo iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo imebatilishwa na mahakama ya juu baada ya miaka kadhaa, na familia ikalazimika kuanza upya ilhali mali imekwisha kuuzwa. Heri pingamizi la mapema.

Yafaa pia ieleweke kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi kwa kuwa ameteuliwa tu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kugawa kilichobaki kwa warithi halali na kutoa hesabu mahakamani. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kufanya hivyo ndani ya miezi minne, na katika mahakama za juu anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Msimamizi anayekaa miaka kumi akipokea kodi za nyumba bila kutoa hesabu hatendi kazi ya ukoo. Anavunja amri ya mahakama, na mrithi yeyote anaweza kuomba aondolewe.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, mambo haya yamerahisishwa kwa kiasi fulani. Mwaka 2021 vilizinduliwa Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita nchini, viwili kati yake vikiwa katika jiji letu, Kinondoni na Temeke. Cha Temeke kimepewa jukumu maalumu la mashauri ya mirathi, ndoa na familia, na ndani yake ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu ziko chini ya paa moja. Anayefika hapo aulize masijala kabla ya kufungua jalada, na aeleze wazi kwamba marehemu alikuwa Mkristo na namna alivyoishi.

Dawa iliyo bora kuliko zote, hata hivyo, ni wosia. Kuandika wosia si kujitabiria kifo. Ni tendo la upendo kwa wale tutakaowaacha. Uandikwe ukiwa na akili timamu, utiwe saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili ambao hawapati kitu katika wosia huo, na utunzwe mahali salama. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi nyosia za wananchi.

Mlango wa ndoa

Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hakuna anayeweza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria yenyewe. Mahakama inaweza kuamua juu ya malezi ya watoto, matunzo na mgawanyo wa mali iliyochumwa katika ndoa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinatambuliwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali hiyo.

Hapa hatuna budi kusema wazi fundisho la Kanisa. Amri ya talaka ya mahakama ya nchi haivunji kifungo cha ndoa halali ya Kikristo. Suala la ubatili wa ndoa ni la mahakama ya Kanisa, nalo hushughulikiwa jimboni. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2383) inakubali kwamba, ikiwa talaka ya kiserikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi, inaweza kuvumiliwa bila kuhesabiwa kosa la kimaadili. Mama anayepigwa, anayeiomba mahakama imlinde na watoto wake wapate chakula na ada, asitazamwe katika jumuiya kama mtu aliyeikana Sakramenti yake.

Shauri linavyokwenda

Katika Mahakama ya Wilaya na za juu yake, shauri huanza kwa hati ya madai, inayoeleza nani anamdai nani, kitu gani, na kwa sababu gani. Siku hizi husajiliwa kwa njia ya mtandao. Mdaiwa hupelekewa hati ya wito, na anatakiwa kuwasilisha utetezi wake wa maandishi ndani ya siku 21. Asiyejibu asidhani kwamba shauri limekufa. Mahakama inaweza kuusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu. Kuikataa hati ya wito, au kumtuma mtoto aseme baba hayupo, ni kujinyima mwenyewe haki ya kusikilizwa.

Baada ya maandishi ya pande zote mbili, mahakama huwapeleka wahusika kwenye usuluhishi. Hatua hii ni ya thamani na isichukuliwe kama desturi tupu. Wakikubaliana, makubaliano yao husajiliwa na kuwa na nguvu ya hukumu, na mara nyingi udugu nao huponywa. Wasipokubaliana, mashahidi husikilizwa kwa kiapo, vielelezo hupokelewa, kisha hukumu hutolewa.

Hukumu peke yake haileti fedha mfukoni. Mshindi hurudi mahakamani kuomba utekelezaji, na mali ya aliyeshindwa inaweza kukamatwa na kuuzwa na dalali wa mahakama. Asiyeridhika hukata rufani: siku 30 kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, na siku 90 kwa shauri la kawaida la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu. Siku hizi huhesabiwa. Kilio, msiba wa jirani au kukosa nauli si lazima vikubaliwe kuwa sababu ya kuongezewa muda.

Muda hausubiri

Pamoja na muda wa rufani, kuna ukomo wa muda wa kufungua shauri lenyewe. Kwa madai ya mkataba, kama deni la kawaida, ni miaka 6. Kwa madai ya fidia ya madhara, kama ajali au kuchafuliwa jina, ni miaka 3. Kwa kudai ardhi ni miaka 12. Anayeona jirani amejenga ndani ya kiwanja chake, akanyamaza miaka kumi na mitano kwa kuwa “Mungu ataniamulia”, atakuja kusikia kwamba muda wa kudai umepita. Subira ni fadhila, lakini kupuuzia haki za watoto wako hakumo ndani ya fadhila hiyo.

Asiye na fedha afanye nini?

Umaskini usimzuie mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria walio katika jamii, na kumruhusu asiye na uwezo kusaidiwa bila malipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania ni miongoni mwa wanaotoa huduma hiyo jijini. Anayeshindwa kulipa ada za mahakama anaweza kuomba asamehewe. Malipo halali yana kumbukumbu namba na risiti. Anayedai fedha ya pembeni “ili jalada litembee” anaomba rushwa, na anayempa anashiriki dhambi hiyo. Mahali pa kumripoti ni TAKUKURU.

Wajibu wetu kama jumuiya

Hapa ndipo Kanisa linapoguswa moja kwa moja. Tunapendekeza mambo matatu kwa parokia zetu. La kwanza, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanapoomboleza na familia iliyofiwa, wasiishie kwenye rambirambi na Misa ya arobaini. Wamuulize mjane kwa faragha kama vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa watoto na nyaraka za nyumba viko salama, na kama ameitwa kwenye kikao cha ukoo. La pili, Kamati ya Haki na Amani ya parokia iwe na orodha ya watoa msaada wa kisheria walio karibu, ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo. La tatu, waamini walio mawakili, mahakimu wastaafu na wasaidizi wa kisheria watenge walau Jumamosi moja kwa mwezi kuwasikiliza wasio na uwezo, kwa mfano wa Mtakatifu Ivo wa Bretagne, msimamizi wa wanasheria, aliyefariki mwaka 1303 akijulikana kama mtetezi wa maskini.

Wapendwa, tusuluhishane kwanza, na tusuluhishane kwa kweli. Kikao cha upatanisho kinachomtaka mnyonge asamehe huku mwenye nguvu akibaki na nyumba hakijapatanisha mtu. Suluhu ikishindikana, twende kwenye mlango uliowekwa na sheria, mapema, tukiwa na nyaraka zetu na ukweli wetu. Na yule mjane wa Mbagala asiende peke yake siku ya kwanza ya shauri. Mtu wa jumuiya amsindikize, aketi naye kwenye benchi, amsaidie kuandika tarehe atakayotakiwa kurudi.

Mungu awabariki.